Nyasi za Kwetu Kwenye Makorongo ya Alice Springs

Watu wengi wanaofika Alice Springs, mji ulio katikati kabisa ya Australia, huwa wanapita tu. Wanaelekea Uluru, lile jabali jekundu la kwenye kalenda, ambalo liko mwendo wa saa kadhaa kwa gari kuelekea kusini-magharibi. Mji wenyewe uko kama kilomita 1,500 kutoka Adelaide, na umbali unaokaribia huohuo kutoka Darwin. Mimi ninaishi Adelaide. Nilipata likizo fupi mwezi wa Julai, nikaamua Uluru ingoje. Nilitaka kuyaona makorongo ya magharibi mwa mji, ambayo basi dogo la watalii huyazungukia kwa siku moja na kukurudisha kabla ya giza. Naandika haya kwa sababu nimewasikia Wakenya na Watanzania wengi tulio nao huku wakisema kwamba huko ndani ya nchi hakuna kitu. Kipo, tena kingi, na kingine kimetoka kwetu.

Julai ni katikati ya majira ya baridi. Kabla jua halijatoka, baridi huweza kufika sifuri, kisha kufikia saa sita mchana unalivua koti na kutafuta kivuli. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo aliyekaa eneo lile tangu ujana wake, dereva na mwalimu kwa pamoja. Kabla ya kuwasha gari aliwataja kwanza wenye nchi: Waarrernte, ambao mji huu wanauita Mparntwe, na safu ya milima tuliyokuwa tunaiendea wanaiita Tjoritja. Kwenye ramani safu hiyo imeandikwa MacDonnell, jina la gavana wa Australia Kusini, ambalo ilipewa mwaka 1860 na mvumbuzi Mskoti John McDouall Stuart aliyekuwa akitafuta njia ya kulivuka bara.

Tulivuka Mto Todd, na ndani ya mto hamkuwa na tone la maji. Ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, wenye miti mikubwa katikati yake. Abiria walioketi mbele yangu walistaajabu kuona daraja limejengwa juu ya mchanga. Mimi sikustaajabu hata kidogo. Nimekulia Makueni, na mito ya kwetu ni hiyo hiyo. Mto mkavu Ukambani haumaanishi kwamba maji hakuna. Yapo chini, na mwenye haja anafukua mpaka yachuruzike, anasubiri yatulie, anachota kwa kibuyu au kikombe. Mwongozaji akasema Waarrernte nao waliishi hivyo, kwamba kila familia ilijua mahali pa kufukua na ilikuwa na haki na wajibu juu ya mahali hapo. Tangu dakika ile nikaacha kuitazama ile nchi kama nchi ya kigeni.

Milima ya Tjoritja si mirefu. Kilele cha juu kuliko vyote katika safu nzima, Mount Zeil, kina mita 1,531, na vilima vyetu vya Chyulu vinakipita. Lakini wataalamu wa miamba wanasema kati ya miaka milioni 450 na milioni 300 iliyopita ardhi hapa ilisukumwa na kukunjwa mpaka ikainuka milima mikubwa mno, na kwamba tunachokiona leo ni mabaki baada ya mvua na upepo kuitafuna kwa muda ambao akili haiwezi kuushika. Kilichobaki ni mgongo mrefu wa jiwe gumu jekundu, kwatzaiti, unaokwenda kutoka mashariki hadi magharibi. La ajabu ni mito. Ungetarajia mto ukifika kwenye mgongo kama huo ugeuke, uufuate ubavuni mpaka upate mwanya. Mito ya hapa imeukata mgongo moja kwa moja. Ilikuwa ikipita hapo wakati ardhi bado iko juu zaidi, na kadiri ardhi ilivyoliwa, mito iliendelea kushuka katika njia yake ileile, ikiupasua mwamba mgumu pole pole. Ndiyo sababu kuna makorongo, na ndiyo sababu kuna maji: chini ya kila mpasuko mto umechimba shimo refu, kuta zinalizuia jua, na maji yanakaa hapo kiangazi chote wakati kila kitu nje kimekauka.

Kituo cha kwanza kilikuwa Simpsons Gap, Rungutjirpa kwa wenyeji, kilomita 18 tu kutoka mjini. Ni pengo lenye kuta mbili nyekundu zilizokaribiana na dimbwi katikati. Masimulizi ya Waarrernte yanasema hapa ndipo makao ya mababu waliokuwa kenge wakubwa. Mwongozaji alitusihi tunyamaze na tutazame mawe yaliyoporomoka upande wa kulia. Kwa muda sikuona kitu. Kisha jiwe moja likageuza kichwa. Alikuwa walabi wa miambani, mnyama wa jamii ya kangaruu asiyezidi urefu wa goti, manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na hudhurungi, mstari mweusi shavuni, na miguu myeusi yenye nyayo za kukamata jiwe. Aliketi akiota jua la kwanza, mikono imekunjwa kifuani. Akaruka kutoka jiwe hadi jiwe, ukuta uliosimama wima, bila kuteleza na bila haraka, akakaa tena. Tulipomtazama vizuri tukaona mfuko wa tumbo lake umejaa.

Nikiwa narudi kwenye gari ndipo nilipoziona nyasi.

Zilikuwa pande zote mbili za njia, zimejaa hadi kwenye shina za miti ya mtoni. Mashina membamba yaliyokauka rangi ya dhahabu, na juu yake masuke manene ya urefu wa kidole, yenye manyoya, zambarau iliyofifia kuwa kahawia. Nililiburuta suke moja kati ya vidole viwili kama tulivyokuwa tukifanya utotoni tukichunga mbuzi, na mbegu zikatoka zote kwa mpigo, nyepesi, zenye vinywele vinavyong'ang'ania ngozi na soksi. Ndata kivumbu. Hivyo ndivyo Wakamba tunavyoziita, na mjomba wangu kule Makueni ana shamba zima la nyasi hizi. Sikuwa na shaka yoyote. Nikamwuliza mwongozaji zinaitwaje. Uso wake ukabadilika. Akasema ni nyasi za buffel, na kwamba kama angepewa nafasi ya kuondoa kitu kimoja tu katika nchi hii, angeondoa hizo.

Nimekuwa nikisoma juu yake tangu siku ile, na simulizi yenyewe inastahili kujulikana na sisi. Mbegu za kwanza zilifika Australia katika karne ya 19 pamoja na ngamia. Wazungu walitaabika kulivuka jangwa kwa farasi, wakawaleta ngamia na waendesha ngamia kutoka Afghanistan, Baluchistan na India ya wakati ule. Matandiko ya ngamia yalikuwa yamejazwa majani makavu, na ndani ya majani mlikuwa na mbegu. Treni inayotoka Adelaide hadi Darwin, The Ghan, jina lake linakumbusha watu hao. Lakini ngamia peke yao wasingeweza kuijaza nchi. Kilichoijaza ni uamuzi wa watu. Wafugaji walitaka malisho yanayovumilia ukame, na wanasayansi wakaenda kuyatafuta huko yanakoota yenyewe. Aina moja iliyopandwa sana Queensland, inayoitwa Biloela, mbegu zake zilitoka Dodoma. Nyingine, Gayndah, ilitoka Kenya. Nyingine inaitwa American kwa sababu ilipitia Marekani, lakini asili yake ni Turkana. Baadaye, ukame mkali wa mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ulipoifanya Alice Springs kuwa mji wa vumbi, nyasi hizi zilipandwa kuzunguka mji ili kulizuia, na zikalizuia kweli. Hilo nalo lisemwe. Waliozipanda walikuwa na tatizo la haki na walipata dawa iliyofanya kazi.

Kwetu nyasi hizi ni baraka. Kituo cha utafiti cha Kiboko kimezishughulikia kwa miaka mingi, na wakulima wa Makueni na Kitui huzipanda kwenye ardhi iliyochoka, huuza majani kwa wafugaji na mbegu kwa wanaotaka kuanza. Zina maadui wa kutosha: ng'ombe, mbuzi, mchwa, wanyamapori, na watu wenye mapanga. Huko Tjoritja hazina adui wa kutosha. Nyasi za asili za pale, spinifeksi, huota kwa mafungu ya duara yenye miiba, na kati ya fungu na fungu kuna udongo mtupu. Udongo ule mtupu ndio uliokuwa ukizuia moto usienee. Umeme ukipiga, fungu linaungua, moto unafika kwenye udongo na kufa. Buffel imekuja ikaziba zile nafasi zote. Sasa moto una daraja kila mahali, unawaka kwa ukali usiojulikana zamani, na baada yake buffel huwa ya kwanza kuchipua na mvua kidogo tu. Mwongozaji alisimamisha gari kando ya mto mmoja mkavu akatuonyesha mikaratusi ya kale iliyoungua mpaka ndani, shina limebaki gamba jeusi. Miti ile ilikuwa imeishi na moto wa Waarrernte kwa mamia ya miaka. Wao walichoma nchi kwa mpango, sehemu ndogo ndogo, wakati wa baridi. Moto wa buffel hauna mpango.

Tulifika Standley Chasm karibu na adhuhuri, na haikuwa bahati. Ziara zote hupangwa hivyo. Kwa Waarrernte ni Angkerle Atwatye, nao ndio wamiliki. Familia zao ndizo zinazoiendesha, kuanzia mgahawa hadi njia. Jina la Standley ni la Ida Standley, mwalimu wa kwanza wa shule ya Alice Springs. Unatembea kando ya kijito, ukipita saikadi, mimea iliyobaki kutoka enzi ambapo hapa palikuwa na mvua nyingi, mpaka kuta zinakuja karibu na kuinuka kiasi cha mita 80. Ndani ni baridi. Jiwe lina rangi ya damu iliyokauka. Kisha jua likaingia. Lilianza kuugusa ukuta mmoja juu kabisa, likashuka, na ukuta uliomulikwa ukaanza kumulika mwenzake, mpaka korongo zima likawa na mwanga wa rangi ya chungwa usiokuwa na chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole. Vivuli vya watu vikapotea. Mtoto mmoja alinyoosha mikono akawa anaitazama, kwa kuwa ilikuwa imebadilika rangi. Baada ya muda mfupi jua likapita, ukuta wa pili ukaanza kuzimika. Nimeona picha nyingi za pale na hakuna hata moja inayosema kweli, kwa sababu picha haiwezi kuonyesha kwamba mwanga ule unatembea.

Nikitazama mti mmoja mweupe uliosimama juu ya ukingo, nikamkumbuka Albert Namatjira. Alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Hermannsburg, Ntaria kwa wenyeji, si mbali na hapa. Alijifunza rangi za maji kwa mchoraji Rex Battarbee, na maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika Melbourne mwaka 1938. Aliichora milima hii kwa zambarau na buluu ambazo watu wa miji ya pwani walidhani amezibuni. Hakuzibuni. Nimeziona jioni kwa macho yangu kwenye mlima Rwetyepme. Mwaka 1957 alipewa haki kamili za uraia wakati ambapo watu wake karibu wote katika Northern Territory walikuwa chini ya ulezi wa serikali. Mwaka uliofuata akahukumiwa kwa kosa la kumpa ndugu yake pombe, jambo ambalo raia mwingine angelifanya bila kuulizwa, na mwaka 1959 akafa. Haki za michoro yake ziliuzwa na ofisi ya serikali mwaka 1983 bila familia yake kufaidi inavyostahili, zikarudi kwa wajukuu kupitia mfuko wao mwaka 2017. Ile mikaratusi miwili myeupe aliyoichora, iliyokuwa kando ya barabara, iliungua mwanzoni mwa 2013. Nilimwomba mwongozaji atuonyeshe mahali hapo naye akatuonyesha, ingawa hapakuwa kwenye ratiba.

Ellery Creek niliipita upesi. Ni dimbwi kubwa zuri, maji yake ni ya barafu hata siku za joto, na waliojitosa walitoka wakitetemeka. Mashimo ya ngeu yalinishika zaidi: ukingo wa kijito wenye matabaka yaliyosimama wima, nyekundu, njano, nyeupe, zambarau, ambapo Waarrernte wamechimba rangi za ibada na dawa tangu vizazi visivyohesabika, na kuzibadilisha kwa bidhaa na watu wa mbali. Kuna bango linaloonya juu ya faini kwa anayeokota hata kipande. Aliyewaona Wasamburu au Wamaasai wamejipaka ngeu hatauliza kwa nini bango liko pale.

Ormiston ndiyo iliyonifanya nitamani kubaki. Ni korongo refu lenye dimbwi lisilokauka, ambalo kwenye kina chake kikubwa hufika kama mita 14. Mawe ndani yake yamepasuka vipande vyenye ukubwa wa magari, mengine mekundu, mengine ya rangi ya urujuani. Kwenye bamba moja niliona mistari ya mawimbi, ileile anayoiacha bahari mchangani maji yakipwa. Jiwe lile lilikuwa mchanga wa bahari ya kina kifupi kabla hakujawa na mnyama wala mti duniani. Leo kuna samaki mle ndani, na niliwauliza wote walionizunguka wamefikaje. Jibu ni kwamba hawafiki, wanangoja. Dimbwi kama hili ndilo kimbilio. Mvua kubwa ikija baada ya miaka, mito inaungana, samaki wanasambaa hadi Mto Finke, ambao Waarrernte wanauita Larapinta, na maji yakikatika tena wanaopona ni wale waliofika kwenye mashimo mengine ya kivuli.

Tulikula chakula chini ya mkaratusi wa mtoni wenye shina ambalo watu watatu wasingelikumbatia. Kasuku wa kijani walikuwa wakiingia na kutoka kwenye mapango ya matawi. Nikamwambia mwongozaji kwamba mti huu upo kwetu, hata kwenye boma la baba yangu, na kwamba Kenya wengi hawaupendi karibu na maji. Hakuamini. Nikamweleza: mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 iwe kuni za treni ya Uganda, ikaota haraka, ikawa nguzo za umeme na mbao na pesa za karo, na watu wakaipanda mpaka kwenye chemchemi. Chemchemi zikaanza kukauka. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru iliyo kando ya mito ing'olewe. Yule mama alikaa kimya akiutazama mti aliokuwa ameuegemea. Kwake mti ule ni nyumba ya kasuku na ni mti wenye masimulizi. Akaniuliza kama kwetu kuna ndege wanaotaga ndani ya mikaratusi. Nikamwambia sijawahi kuona.

Ndipo akatusimulia juu ya Palm Valley, bonde la mitende mirefu lililo kusini mwa tulipokuwa, ambalo basi letu lisingeweza kulifikia kwa sababu ya mawe na mchanga. Mitende hiyo haipo popote karibu. Jamaa zake wako kaskazini, karibu kilomita 1,000. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni masalia ya misitu ya kale. Mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mitende ile ilitengana na ya kaskazini kama miaka 15,000 tu iliyopita, na watafiti wakasema yaelekea mbegu zililetwa na watu. Na mmisionari Mjerumani Carl Strehlow, aliyefika Hermannsburg mwaka 1894, alikuwa ameandika simulizi la Waarrernte lililosema hivyohivyo: mbegu zililetwa kutoka kaskazini. Wenyewe walikuwa wamesema, na hakuna aliyewasikiliza kwa zaidi ya miaka mia. Kwangu hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote niliyosikia siku ile. Mitende ile imekaa vizuri na majirani zake kwa maelfu ya miaka, buffel imeharibu ndani ya umri wa mtu mmoja, na tofauti yake sidhani iko kwenye mbegu peke yake. Anayepanda ekari milioni kwa ajili ya ng'ombe hapandi kwa jicho la mtu anayejua kila shimo la maji kwa jina.

Watakaopenda kwenda: nendeni kati ya Mei na Septemba, chukueni maji zaidi ya mnavyodhani mtahitaji, nguo za baridi na za joto pamoja, na neti ya uso kwa ajili ya nzi, ambao siku za joto hawamwachi mtu. Uliza kama ziara inapita Standley Chasm adhuhuri. Na uzikague soksi zako kabla ya kuingia kila korongo. Mbegu husafiri hapo.

Usiku nilimpigia mjomba simu nikamtumia picha. Alizitazama muda mrefu.

"Hizi ni zetu kabisa," akasema. "Nani anazilishia mifugo huko?"

"Hakuna, mjomba. Wanataka kuzimaliza."

"Mvua inanyesha kiasi gani?"

Nikamwambia ni kama milimita 280 kwa mwaka, kidogo kuliko Makueni.

"Basi hazitaisha kwa panga. Ukizikata unazipa nguvu. Waambie wang'oe na mzizi wote, baada ya mvua udongo ukiwa laini, kabla hazijatoa masuke. Na warudie kila msimu, mwanangu, maana mbegu zilizolala chini zitaota tena."

Nikamwambia kuna watu wa kujitolea mjini ambao hufanya hivyohivyo kwa majembe, wikendi, shina moja baada ya jingine, na kwamba mwongozaji wetu ni mmoja wao.

"Anaanzia wapi?"

"Kwenye miti mikubwa. Anafyeka duara kuizunguka kwanza, moto usiifikie."

"Huyo anajua," akasema mjomba.